Sura ya Saba: Nyumbani Umemwacha Nani?

Uvimbe kwenye ubongo wa mtoto huanza na dalili ambazo kila mzazi ameshaziona kwa mtoto wake na zikapita zenyewe. Mtoto anaamka kichwa kinamuuma, anatapika kabla hajanywa chai, na ikifika saa nne yuko nje anacheza. Zahanati wanampima malaria na kumpa dawa. Baada ya wiki mbili hali inarudi. Anapewa dawa ya minyoo, halafu ya taifodi. Kisha anaanza kuyumba akitembea, anapeleka mkono pembeni ya kikombe, jicho moja linaingia makengeza. Mwalimu analalamika kwamba mwandiko umeharibika. Bibi anasema jambo hili si la hospitali.

Maumivu ya alfajiri yana sababu yake. Uvimbe ukikua sehemu ya nyuma ya ubongo, huziba njia ya maji yanayouzunguka. Mtoto akilala, shinikizo ndani ya fuvu hupanda, na akiamka akatapika hupata nafuu ya saa kadhaa. Nafuu hiyo ndiyo inayowapumbaza wazazi, na huwapumbaza hata wahudumu wa afya. Nchini Uingereza, ambako daktari wa familia yuko mtaa wa pili, muda wa kati tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa ulikuwa zaidi ya wiki 14. Baada ya kampeni ya kitaifa ya HeadSmart iliyozinduliwa mwaka 2011, ulishuka chini ya wiki 7. Ikiwa wao walichelewa hivyo, mama aliyetoka kijijini akamfikisha mtoto kwa daktari bingwa baada ya miezi minne hana kosa la kujibu. Lakini mama huyo hajui hivyo. Anafika akiamini yeye ndiye aliyemchelewesha mwanawe.

Nchini Tanzania safari ya mtoto huyu hupita zahanati, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, kisha rufaa. Akiletwa Dar es Salaam, upasuaji wa kichwa hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, karibu na bahari. Dawa za saratani kwa watoto hutolewa Muhimbili. Katika njia hiyo yote familia hukutana na daktari, muuguzi, mtu wa maabara na mtu wa dirisha la malipo. Afisa ustawi wa jamii huja mwisho, tena mara nyingi huitwa pale bili inapokwama. Sura hii inasema mpangilio huo ugeuzwe. Afisa huyo awe miongoni mwa watu wa kwanza familia inaokutana nao, kwa sababu mambo anayoyashughulikia ndiyo yanayoamua kama matibabu yatafika mwisho.

Kazi yenye mizizi miwili

Ustawi wa jamii hospitalini una historia ya matawi mawili, na inafaa kujua sisi tumekalia tawi lipi.

Mwaka 1895, hospitali ya Royal Free jijini London ilimwajiri Mary Stewart, mwanamke wa kwanza kupewa kazi ya aina hii nchini humo. Aliwekwa karibu na mlango wa wagonjwa wa nje ili achunguze nani kweli ni maskini na nani ana uwezo wa kulipa. Miaka 10 baadaye, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, daktari Richard Cabot alianza na swali jingine. Alikuwa akiwaandikia wagonjwa mapumziko, chakula bora na hewa safi, na wao wakirudi kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha na kwenye kazi isiyo na likizo. Akaona kwamba hatibu mtu ikiwa hajui mtu huyo anarudi wapi. Mwaka 1905 akamleta muuguzi Garnet Pelton kufuatilia maisha ya wagonjwa nje ya hospitali, na baada yake Ida Cannon akaijenga kazi hiyo kuwa taaluma.

London iliuliza nani asamehewe. Boston iliuliza kwa nini tiba haifanyi kazi. Sisi tuna wataalamu wenye uwezo wa kujibu swali la pili. Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na wahitimu wake wako katika hospitali nyingi za nchi. Lakini uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, ukaja na utaratibu wa misamaha, na kazi ya kupima nani anastahili ikaangukia kwenye meza ya ustawi wa jamii. Taratibu afisa akageuka mlinzi wa mlango wa msamaha. Wagonjwa wengi hawajui kazi yake nyingine yoyote. Ukimuuliza mtu wodini ofisi ya ustawi ni ya nini, atakujibu: "Ni pale wanapokwenda walioshindwa kulipa."

Jina hilo limewafanya wazazi waione ofisi hiyo kama mahali pa aibu. Baba aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho ataona heri akope tena kuliko kuingia mlango ule.

Mazungumzo ya nusu saa

Hebu tuangalie kwa karibu kazi hii inapofanywa vizuri. Mama amefika jana na basi kutoka mkoa ulio zaidi ya kilomita 1,000. Mtoto ana miaka saba na amelazwa akisubiri upasuaji. Afisa amekaa naye kwenye benchi la korido na hajabeba fomu. Mazungumzo ya aina hii huenda hivi:

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mama. Pole na safari, pole na mgonjwa."

"Nimeshapoa."

"Nyumbani umemwacha nani?"

"Wadogo zake wawili. Wako kwa bibi yao, mama yake baba."

"Na baba yao?"

"Yuko shambani, ndiyo tunavuna sasa. Simu yake mpaka aende senta kuchaji."

"Tukimtaka haraka tutampataje?"

"Mpigieni shemeji, ana duka pale senta."

"Nyumbani wanasemaje kuhusu ugonjwa huu?"

Hapo mama ananyamaza kidogo. "Kila mtu anasema lake, dada."

Kila jibu hapo ni taarifa ya kitabibu. Baba yuko shambani wakati wa mavuno, na katika familia nyingi mtoto hafunguliwi kichwa mpaka baba au baba mkubwa aseme ndiyo. Kumbe njia ya kupata ridhaa mapema ni simu ya shemeji mwenye duka, na kikao cha familia kinaweza kufanyika kwa sauti ya juu ya simu, daktari akiwepo kujibu maswali. Watoto wawili wako kwa bibi, kwa hiyo mama ataanza kuhesabu siku. Na kauli ya "kila mtu anasema lake" ina maana kwamba kuna watu wanaosema mtoto amelogwa, na wengine wanaosema mama amekwenda mjini kupoteza pesa za familia. Afisa mzuri hapingani na hayo papo hapo. Anayasikiliza, maana ndiyo yatakayompigia mama simu usiku kumwambia arudi.

Baada ya hapo ndipo fedha zinapozungumzwa, na huzungumzwa kwa hesabu. Uvimbe mbaya unaowapata watoto zaidi kwenye ubongo unaitwa medulloblastoma. Kwa kawaida unahitaji upasuaji, kisha mionzi ya kichwa na uti wa mgongo, siku tano kwa wiki kwa takriban wiki sita, na baadaye dawa za miezi kadhaa. Mionzi pekee ni safari 30 hivi za kwenda na kurudi. Mama asiye na ndugu mjini atalala wapi wiki hizo zote? Atakula nini? Nani atamlipia nauli, yeye na mtoto anayetapika ndani ya daladala?

Kuna gharama nyingine ambazo hakuna anayeziandika popote. Mtoto mwenye uvimbe kwenye ubongo hupewa deksamethasoni kupunguza uvimbaji unaouzunguka. Dawa hiyo huleta njaa isiyo ya kawaida. Mtoto anakula sahani ya wali, na baada ya saa moja analia njaa. Uso unajaa, hasira zinapanda, anamtukana mama ambaye hajawahi kumjibu hata neno. Usiku wa manane mama anatafuta mkate na hana hata shilingi. Asipoelezwa kwamba dawa ndiyo inayofanya hivyo, ataona mtoto amebadilika tabia na ataona aibu mbele ya wodi nzima. Dakika tano za maelezo na utaratibu wa chakula cha ziada huondoa mateso ya wiki nzima.

Sera nayo ina mianya ambayo anayeijua vizuri ni afisa ustawi. Watoto walio chini ya miaka mitano wamo katika misamaha kwenye vituo vya umma, na saratani imo kwenye orodha ya magonjwa ya muda mrefu yanayosamehewa. Lakini medulloblastoma huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka mitano na tisa, yaani wale ambao ndiyo kwanza wametoka kwenye kundi la msamaha wa umri. Tena kabla ya kinyama kupimwa maabara hakuna anayeweza kuandika kwamba ni saratani, ingawa picha ya kichwa na vipimo vya damu vimeshahitajika. Upo pia uvimbe ambao si saratani kabisa, kama kraniofaringioma, unaoweza kumwacha mtoto na upofu na kumfanya ategemee dawa za homoni maisha yake yote. Jina la ugonjwa halimpi msamaha, na mzigo wake ni uleule. Anayeweza kuyapanga haya mbele ya uongozi wa hospitali, kwa maandishi na kwa wakati, ni yule aliyeijua familia tangu mwanzo.

Kwa nini familia huondoka

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kimataifa wa saratani za watoto, wenye lengo la angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani kupona ifikapo 2030. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mpango huo ulichagua saratani sita za kuanzia, na mojawapo ni glioma ya daraja la chini, uvimbe wa ubongo unaokua polepole na ambao watoto wengi wanaweza kuishi nao au kupona kabisa. Kwa hiyo uvimbe wa ubongo si hukumu ya kifo, kama inavyosemwa vijijini na hata katika baadhi ya wodi.

Pengo hilo linatokana na mambo mengi: uchache wa mashine, wapasuaji na dawa. Lakini lipo jambo moja lisiloonekana kwenye picha ya MRI, nalo ni kuacha matibabu. Kitaalamu mtoto huhesabiwa kuwa ameacha akikosa matibabu kwa wiki nne au zaidi mfululizo. Watafiti wa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Amsterdam, walifuatilia watoto wenye saratani waliotibiwa hapo. Waligundua kwamba matokeo yaliyojitokeza mara nyingi kuliko mengine yote yalikuwa familia kuacha tiba, na kwamba watoto wasio na bima ndio walioathirika zaidi. Walipokwenda kuzitembelea familia hizo majumbani, sababu zilizotajwa zilikuwa za kawaida kabisa: fedha, bima na nauli.

Wazazi hawa walimpenda mtoto wao. Walifika ukingoni, na ukingo huo ungeweza kuonekana mapema na mtu ambaye kazi yake ni kuutazama. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hospitali iliyojaa wagonjwa huuona hivyo mzigo wa kila familia mpaka kitanda kikutwe kitupu.

Dawa ya tatizo hili inajulikana, na sehemu yake inatolewa hapa nchini. Shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi pamoja na Muhimbili, limejenga huduma ya saratani za watoto ambayo ndani yake kuna malazi kwa familia zilizotoka mbali, msaada wa nauli, michezo na masomo wodini. Familia iliyopewa mahali pa kulala na nauli ya kurudi kliniki ina sababu moja pungufu ya kukata tamaa. Inayobaki ni kuhakikisha kila mtoto anayepasuliwa kichwa anaunganishwa na huduma kama hizo kabla hajaruhusiwa. Mtoto mwenye uvimbe wa ubongo hupotea kirahisi kwa sababu mpasuaji wake yuko jengo moja, mionzi yake eneo jingine na dawa zake wodi nyingine. Afisa anayebeba jalada lake katika milango yote mitatu ndiye uzi unaozishona huduma hizo.

Mtoto aliyeingia akiongea

Hatari kubwa zaidi ya familia kuondoka inaweza kuja siku ya pili baada ya upasuaji uliofanikiwa. Katika tafiti kubwa, takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopasuliwa medulloblastoma hupoteza sauti. Aliingia chumba cha upasuaji akimuaga mama yake, akaamka akasema maneno mawili matatu, kisha akanyamaza. Hasemi, analia, shingo haikazi, hatulii. Hali hiyo hudumu siku, wiki au hata miezi. Wengi hurudi kuongea, ingawa usemi unaweza kubaki mzito.

Mzazi ambaye hakuambiwa atahitimisha kwamba daktari amekata mshipa wa sauti, au kwamba waliomroga wamemaliza kazi yao. Simu zitapigwa nyumbani, na wazee watasema mtoto arudishwe. Aliyeambiwa kabla ya upasuaji, kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya ndugu mwenye sauti katika familia, ataumia vilevile lakini hataondoka. Maelezo ya ugonjwa ni kazi ya daktari. Kuhakikisha yameeleweka, kuyarudia jioni mama akiwa ametulia, na kumpigia shemeji mwenye duka ili baba ayasikie bila kupotoshwa, hiyo ni kazi ya ustawi wa jamii.

Waliobaki nyumbani na waliorudi shule

Mtoto mgonjwa ana ndugu. Wao hawaulizwi kitu. Mama ameondoka ghafla, hakuna aliyewaeleza, na watoto wadogo huziba pengo la maelezo kwa hofu zao. Wapo wanaoamini kwamba walimsukuma kaka yao siku moja akaanguka, na kichwa kikaanza kuuma kwa ajili hiyo. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani za watoto walichapisha viwango 15 vya huduma za kisaikolojia na kijamii, na msaada kwa ndugu wa mgonjwa ni kimojawapo, sawa na kupima hali ya fedha ya familia na kumwandaa mtoto kurudi shule. Kwetu kiwango hicho hakihitaji jengo. Kinahitaji simu moja kwa wiki, mama aongee na waliobaki, na bibi aelezwe maneno ya kuwaambia: ugonjwa huu hauambukizi, haukuletwa na mtu, na mama atarudi.

Baba naye husahaulika. Yeye huonekana kama pochi, na akikosa pesa hujificha. Afisa anayempigia kumuuliza hali yake, kabla hajamuuliza kiasi, mara nyingi humrudisha kwenye matibabu ya mwanawe.

Halafu kuna shule. Mionzi ya ubongo huokoa maisha na huacha alama. Mtoto huelewa lakini kwa taratibu, husahau maelekezo marefu, huchoka mapema. Baadhi ya dawa hupunguza usikivu, na ukuaji wa kimo unaweza kudumaa. Mwalimu asiyejua ataona uzembe na atachukua fimbo. Barua ya ukurasa mmoja kutoka hospitalini inaweza kubadilisha miaka yake yote ya masomo: akae mbele, apewe muda zaidi, apumzike, asipigwe kichwani, asichekwe kwa kipara chake. Afisa wa hospitali huiandika, na afisa ustawi wa halmashauri huifuatilia.

Tiba isipokuwepo

Baadhi ya uvimbe hauponi. Ule unaosambaa kwenye shina la ubongo, mahali ambapo mpasuaji hawezi kuuondoa, huwaacha watoto wengi na chini ya mwaka mmoja, hata katika hospitali bora duniani. Mionzi huwapa miezi ya nafuu. Hapa familia inahitaji ukweli, tiba shufaa na mpango.

Mpango huo una mambo ambayo watu huona haya kuyataja. Kusafirisha maiti ya mtoto kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma au Rukwa ni gharama inayoweza kuifilisi familia iliyokwisha kuuza kila kitu. Mtoto anayerudi nyumbani akiwa bado anaweza kukaa kwenye basi, akiwa na mofini ya maji, maelekezo kwa zahanati ya karibu na namba ya simu ya kupiga usiku, hupata kufa kati ya watu wake, na wazazi hawaanzi msiba na deni jipya. Afisa mwenye moyo na ujuzi huyasema haya kwa upole na mapema. Na vile viwango 15 vinataka jambo moja baada ya mazishi: mtu wa hospitali awatafute wazazi. Simu ya pole kutoka kwa yule dada wa benchi la korido huwaambia kwamba mtoto wao hakuwa jalada.

Ufanye nini

Kwa msomaji mwenye mtoto anayeelekea hospitali ya rufaa, ushauri wangu ni huu. Siku ya kwanza, kabla hujapewa bili yoyote, uliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi na uende. Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, karatasi za rufaa, kadi ya bima kama ipo, na namba za simu za ndugu wawili wanaopatikana kirahisi. Sema ukweli kuhusu fedha, kuhusu waliobaki nyumbani na kuhusu yale wanayoyasema. Uliza mtoto atatibiwa kwa muda gani, utalala wapi, na nani utampigia ukikwama. Kwenda pale si kuomba. Umekwenda kuandaa sehemu ya tiba ambayo kisu cha mpasuaji hakiifikii.

Na kwa wanaopanga bajeti za hospitali: mtoto aliyepasuliwa vizuri akaacha mionzi wiki ya tatu kwa kukosa nauli ameigharimu nchi upasuaji mzima, na amewagharimu wazazi wake zaidi ya hapo. Waajirini maafisa ustawi wa kutosha, muwape simu yenye salio na mfuko mdogo wa nauli, na muwaketishe kwenye kikao kilekile ambacho mpasuaji na daktari wa mionzi hupanga matibabu ya mtoto.